Kasi ya Mwanga Haikuamuliwa na Jaribio Moja

Kuna simulizi ambayo vitabu vingi vya fizikia huirudia karibu neno kwa neno: mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walitafuta dalili za etha (kitu kilichodhaniwa kubeba mwanga), wakazikosa, ndipo mwaka 1905 Albert Einstein akaja kueleza kwa nini walizikosa. Simulizi hii ni fupi, inakumbukika, na kwa sehemu kubwa inapotosha. Cha ajabu ni kwamba wanaoipinga nadharia ya uhusianifu ya Einstein nao wameimeza nzima nzima, kwa kuwa huelekeza mishale yao yote kwenye jaribio hilo moja, wakiamini kuwa likionekana na kasoro, kila kilichofuata kitaporomoka. Pande hizi mbili hazipatani kwa lolote isipokuwa imani kwamba mijadala kuhusu mwanga humalizwa na jaribio moja la mwisho. Kwa maoni yangu, historia ya mijadala hiyo tangu karne ya 17 haiungi mkono imani hiyo hata kidogo.

Swali la mwanzo kabisa halikuwa mwanga unakwenda kwa kasi gani, bali kama unakwenda hata kidogo. Aristotle hakukubali kuwa mwanga ni kitu kinachosafiri. Ibn al-Haytham, katika karne ya 11, alishikilia kwamba unasafiri na kwamba safari hiyo huchukua muda, hata kama hisia zetu haziwezi kuung'amua. Johannes Kepler na baadaye René Descartes waliamini kuwa mwanga hufika papo hapo, na ni vyema kuutazama ushahidi wa Descartes kabla ya kumcheka. Alisema kwamba kama mwanga ungechukua muda, basi wakati wa kupatwa kwa mwezi tungeuona kivuli cha Dunia juu ya Mwezi baada ya kuchelewa, na Jua na Mwezi visingeonekana vimekabiliana sawasawa angani. Kwa kuwa wanaastronomia hawajawahi kuona ucheleweshaji huo, mwanga hauchukui muda. Hoja hiyo haina dosari ya mantiki. Tatizo lake ni kwamba Mwezi uko karibu mno: mwanga huenda huko na kurudi kwa muda usiofika hata sekunde tatu, na hakuna mtu wa wakati ule aliyeweza kuona tofauti ndogo namna hiyo katika tukio la kupatwa. Galileo naye, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza jaribio la watu wawili wanaofunua taa zao usiku kwa kupokezana, kila mmoja akifunua mara tu anapouona mwanga wa mwenzake. Alilijaribu kwa umbali mfupi usiofika maili moja, na hakudai zaidi ya alichokiona: kwamba kama mwanga haufiki papo hapo, basi una kasi kubwa ajabu.

Mabadiliko yalitoka mahali pasipotarajiwa, kwenye kazi ya kuandaa majedwali ya miezi ya sayari Mshtarii. Io, mwezi ulio karibu zaidi kati ya ile minne aliyoigundua Galileo, huizunguka sayari yake kwa muda wa takriban saa 42 na nusu, na kila mzunguko huingia katika kivuli cha sayari na kutoka. Jambo hilo liliwavutia mabaharia na wachora ramani, kwa kuwa saa ya angani inayoonekana kutoka kila mahali ingewasaidia kujua longitudo. Huko Paris, Giovanni Domenico Cassini aliongoza kazi ya majedwali hayo, na kijana kutoka Denmark, Ole Rømer, alikuwa mmoja wa wasaidizi katika kituo hicho cha uangalizi. Waligundua kwamba Io huonekana kuchelewa kadiri Dunia inavyokwenda mbali na Mshtarii, na kuwahi kadiri inavyoukaribia. Cassini mwenyewe, mwaka 1676, alitaja uwezekano kwamba sababu ni muda ambao mwanga hutumia njiani, kisha akaliacha wazo hilo. Rømer hakuliacha. Alitangaza mapema kwamba tukio la tarehe 9 Novemba lingechelewa kwa dakika 10, na siku hiyo Io ilionekana ikichomoza kutoka kivulini saa 11 jioni na dakika 35 na sekunde 45, ilhali majedwali yalisema dakika 25 na sekunde 45.

Msomaji wa leo hushawishika kudhani kuwa mjadala uliishia hapo, na kwamba Cassini aliendelea kupinga kwa ukaidi wa mkubwa aliyezidiwa na mdogo wake. Mimi nadhani Cassini alikuwa na hoja nzito. Kama ucheleweshaji ule ulitokana na mwanga, basi ulipaswa kuonekana kwa kiasi kilekile katika miezi mingine mitatu ya Mshtarii, kwa kuwa mwanga hauchagui umetoka kwenye mwezi gani. Haukuonekana. Sababu, kama tujuavyo sasa, ni kwamba miezi hiyo huvutana yenyewe kwa yenyewe na kuivuruga mizunguko yake, na hisabati ya kuyatenganisha mavurugo hayo haikuwapo bado. Kwa hiyo mtu mwangalifu wa mwaka 1680 alikuwa na chaguo la kweli: ama akubali dhana mpya kubwa inayoeleza mwezi mmoja na kushindwa kwa mitatu, au aseme kwamba mzunguko wa Io una kasoro ambayo bado haijaelezwa. Christiaan Huygens alichagua njia ya kwanza, akachukua hesabu ya Rømer kwamba mwanga huvuka kipenyo cha njia ya Dunia kwa dakika 22, akapata kasi ambayo kwa vipimo vya leo ni kama kilomita 220,000 kwa sekunde. Ilikuwa pungufu kwa zaidi ya robo, kwa sababu muda halisi ni chini kidogo ya dakika 17, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa kasi hiyo kupewa tarakimu inayokaribia ukweli. Mjadala haukufungwa na tarakimu hiyo, bali uliendelea kwa nusu karne.

Aliyeufunga hakuwa hata akiutafuta mwanga. James Bradley wa Uingereza alikuwa akiifuatilia nyota moja ya kundi la Joka ili aone kama inasogea kutokana na Dunia kulizunguka Jua. Ilisogea kweli, lakini si kuelekea upande uliotarajiwa, na kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya 180 ya digrii. Mwaka 1728 alitambua kwamba kuhama huko kunatokana na kasi ya Dunia ikichanganyika na kasi ya mwanga, na kutokana na hapo akapata kuwa mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 12. Njia yake haikutegemea Mshtarii, wala majedwali, wala mzunguko wa Io. Ndiyo maana ilikuwa na nguvu. Pale ambapo njia mbili zisizo na udhaifu wa aina moja zinakutana kwenye jibu moja, mpinzani analazimika kutafuta makosa mawili tofauti yaliyotokea kuafikiana, na hapo ndipo wengi huishiwa na hamu ya kubisha.

Karne ya 19 iliushusha mwanga kutoka angani na kuuleta ardhini. Hippolyte Fizeau, mwaka 1849, aliweka gurudumu lenye meno 720 kando ya Paris, akaupitisha mwanga katika nafasi kati ya jino na jino hadi kwenye kioo kilichokuwa umbali wa mita 8,633, na kuongeza kasi ya gurudumu taratibu. Lilipofikia mizunguko 12.6 kwa sekunde, mwanga uliokuwa ukirudi ulitoweka, kwa kuwa katika muda wa safari yake jino lilikuwa limeshachukua mahali pa nafasi. Yeyote mwenye kalamu anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe na kupata kilomita 313,000 na ushee kwa sekunde. Mwaka uliofuata Léon Foucault alionyesha kuwa mwanga huenda polepole zaidi ndani ya maji kuliko hewani, kinyume na nadharia ya Newton ya chembe, na wengi wakalipokea hilo kama hukumu ya mwisho kwamba mwanga ni mawimbi. Miaka 55 baadaye Einstein alileta dhana ya mwanga unaosafiri katika mafungu ya nishati, na ilikuwa kwa sababu ya kazi hiyo, wala si uhusianifu, kwamba alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Hukumu ya mwisho ilikuwa imeamua nusu ya kesi.

Kama mwanga ni mawimbi, yanapita ndani ya nini? Jibu la wakati ule lilikuwa etha, kitu kilichojaa kote ulimwenguni na ambacho Dunia ilipaswa kukipasua kwa kasi yake ya kilomita 30 kwa sekunde. Michelson na Morley walifanya kazi yao katika chumba cha chini ya ardhi huko Cleveland, wakitumia bamba la jiwe la upana wa mita moja na nusu lililoelea juu ya zebaki ili liweze kuzungushwa bila mtikisiko, huku miale miwili ya mwanga ikienda na kurudi kwenye vioo katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Milia ya mwanga na giza iliyotokana na miale hiyo kukutana ilitarajiwa kuhama kwa karibu sehemu nne za kumi za upana wa mlia mmoja. Walichokiona kilikuwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya matarajio hayo. Vipimo vyenyewe vilichukuliwa kwa siku chache tu za Julai, na mpango wa kuvirudia kila baada ya miezi mitatu haukutekelezwa.

Je, jaribio hilo liliiua etha? Waliokuwa karibu nalo hawakulielewa hivyo. George FitzGerald mwaka 1889 na Hendrik Lorentz mwaka 1892 walipendekeza kwamba vitu vinavyopita ndani ya etha hujifinya kidogo kuelekea upande vinakokwenda, kiasi cha kutosha kuuficha mwendo huo. Lorentz alikufa mwaka 1928 akiwa bado anaiona etha kuwa na nafasi yake. Henri Poincaré alikuwa ameandika mwaka 1898 kwamba hatuna njia ya moja kwa moja ya kujua kuwa matukio mawili ya mahali tofauti yametokea kwa wakati mmoja, lakini hakuiacha etha kabisa. Makala ya Einstein ya mwaka 1905 haimtaji Michelson kwa jina. Inagusia tu majaribio yaliyoshindwa kuonyesha mwendo wa Dunia kuhusiana na chombo kinachobeba mwanga. Alichofanya ni kukigeuza kilichokuwa fumbo kuwa msingi: kasi ya mwanga ni ileile kwa kila mpimaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika, na umbali na muda ndivyo vinavyopaswa kupatana na ukweli huo.

Jaribio la kwanza lililoipima nadharia hiyo mpya liliipinga. Hili halisemwi vya kutosha. Walter Kaufmann, aliyekuwa akipima elektroni za kasi kubwa, alitangaza mwaka 1906 kwamba vipimo vyake havipatani na milinganyo ya Lorentz na Einstein, na kwamba vinaikubali zaidi nadharia shindani ya Max Abraham. Lorentz alikata tamaa. Einstein, katika makala ya mwaka 1907, alikiri kwamba nadharia za washindani wake zinakaribiana zaidi na vipimo hivyo, lakini akaziona kuwa na uwezekano mdogo wa kuwa za kweli kwa sababu hazielezi matukio mapana zaidi. Ukimhukumu kwa kanuni tunayofundishwa shuleni, kwamba data ikikataa nadharia nayo itupwe, Einstein alikuwa mkaidi. Alfred Bucherer alipata matokeo ya kuiunga mkono nadharia hiyo mwaka 1908, na wengine baada yake waliboresha vipimo, hadi ikawa wazi kuwa kifaa cha Kaufmann hakikuwa na usahihi wa kuamua suala hilo. Walter Ritz naye alileta pingamizi la aina nyingine, akidai mwanga hubeba kasi ya kitu kilichoutoa. Willem de Sitter alijibu mwaka 1913 kwa kutumia nyota pacha zinazozungukana, ambazo mizunguko yake ingeonekana kuvurugika kama Ritz angekuwa sahihi. Baadaye ilionekana kwamba jibu hilo lina mwanya, kwa kuwa gesi iliyo kati ya nyota inaweza kuinyonya na kuitoa upya miale hiyo, hivyo ikabidi kusubiri hadi mwaka 1964, pale watafiti wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, walipopima mwanga uliotolewa na pioni, chembe ndogo kuliko atomu, zenye kasi ya asilimia 99.975 ya ile ya mwanga na kuona kwamba haukuongezewa chochote.

Baada ya mwaka 1919, Einstein alipopata umaarufu wa duniani kote, mjadala uliingiliwa na mambo ambayo hayakuwa fizikia. Mkutano wa hadhara wa kumpinga ulifanyika Berlin mwezi Agosti 1920, na Philipp Lenard, mwanafizikia hodari aliyekuwa na Nobel yake tangu 1905, aliishia kuhubiri kinachoitwa fizikia ya Kijerumani dhidi ya ile aliyoiita ya Kiyahudi. Hayo hayahitaji kujibiwa kwa hoja za milinganyo. Mwanafalsafa Henri Bergson, aliyejadiliana na Einstein huko Paris mwezi Aprili 1922, ni wa aina tofauti kabisa: alihoji maana ya muda unaopimwa na saa, swali halali la falsafa hata kama alikosea kuhusu saa zenyewe.

Mpinzani anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni Dayton Miller. Huyu alifanya kazi na Morley mwanzoni mwa karne, kisha katika miaka ya 1920 akapeleka kifaa kikubwa kuliko kile cha 1887 juu ya Mlima Wilson, California, kwa hoja kwamba huenda Dunia inaivuta etha pamoja nayo karibu na ardhi na ndani ya kuta nzito, ilhali juu mlimani upepo wake ungehisiwa. Kifaa kilizungushwa polepole, na Miller akatembea nacho gizani jicho likiwa kwenye darubini, akitamka hali ya milia katika kila mojawapo ya vituo 16 vya mzunguko, mara maelfu, katika misimu yote ya mwaka. Akadai kuona upepo wa etha wa takriban kilomita 10 kwa sekunde. Wanaosema kwamba sayansi huwaziba midomo wapinzani wa Einstein wanapaswa kukumbuka kwamba mwaka 1925 Miller alipewa tuzo na chama kikuu cha kuendeleza sayansi cha Marekani kwa kazi hiyohiyo. Majaribio mengine ya miaka iliyofuata, likiwamo la Georg Joos huko Jena mwaka 1930, hayakuuona upepo huo, lakini hakuna aliyejua kwa uhakika Miller aliona nini. Miller alikufa mwaka 1941 bila kubadili msimamo. Robert Shankland, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ndiye aliyeyachambua madaftari yake upya pamoja na wenzake na kuchapisha mwaka 1955 kwamba kilichoonekana kilitokana na tofauti ndogo za joto ndani ya kibanda. Miaka 30 hivi ilipita kati ya dai na maelezo. Katika muda huo wote wanafizikia waliendelea kuiamini nadharia ya uhusianifu, na nadhani walikuwa na haki, kwa sababu tayari ilikuwa inasimama juu ya nguzo nyingine nyingi ambazo Miller hakuzigusa.

Hata hivyo haki hiyo ina hatari yake. Vipimo vya kasi ya mwanga vya miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940 vilijikusanya karibu na kilomita 299,774 hadi 299,776 kwa sekunde, na Raymond Birge, mtaalamu wa kulinganisha vipimo aliyeheshimika sana, mwaka 1941 alitoa thamani ya 299,776 yenye wasiwasi wa kilomita 4 tu. Thamani halisi iko juu yake kwa kilomita 16. Watu waangalifu, wenye vifaa tofauti, walikubaliana kwa usahihi mkubwa juu ya tarakimu isiyo sahihi, na ni vigumu kuamini kwamba hakuna aliyeacha kutafuta makosa mara tu alipoifikia thamani ya wenzake. Kwa hiyo hata kukutana kwa njia nyingi, nilikokusifu hapo juu, hakufai kitu ikiwa kila mpimaji anachungulia jibu la jirani. Aliyeivunja tarakimu hiyo ni Louis Essen wa Uingereza, ambaye kwa kutumia mawimbi ya redio ndani ya mtungi wa metali uliopimwa kwa uangalifu alipata 299,792.5 mwaka 1950. Essen huyohuyo alijenga, mwaka 1955, saa ya atomu ya kwanza kufaa kwa kazi ya kila siku, na Essen huyohuyo alikuja kuwa mmoja wa wakosoaji wakali wa uhusianifu, akichapisha hoja zake mwaka 1971. Mwaka huohuo Joseph Hafele na Richard Keating walizizungusha saa za aina aliyoianzisha yeye duniani kwa ndege za abiria, wakaona zikipishana na zile zilizobaki chini kwa makumi hadi mamia ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) kama nadharia ilivyosema. Essen hakushawishika. Leo saa za setilaiti za kuongozea njia zingewahi kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku kama zisingerekebishwa kwa mujibu wa nadharia aliyoikataa.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Septemba 2011, pale kundi la watafiti liitwalo OPERA lilipotangaza kwamba nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, zilizotoka CERN hadi Gran Sasso huko Italia, umbali wa kilomita 730, zilifika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Magazeti yalimtangaza Einstein kuwa ameanguka. Wanafizikia wengi walitilia shaka mara moja, na sababu yao haikuwa heshima kwa Einstein: mwaka 1987 nyutrino za nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, zilitufikia saa chache kabla ya mwanga wake, baada ya safari ya zaidi ya miaka 160,000, na kama zingekuwa na kasi ya ziada iliyodaiwa na OPERA zingetangulia kwa miaka kadhaa. Miezi michache baadaye ilibainika kwamba kebo moja ya nyuzi za mwanga haikuwa imekazwa sawasawa.

Mjadala mmoja bado uko hai, na ni wa kina kuliko yote ambayo wapinzani wa mitaani hupenda kuyataja. Fizeau, Foucault na Michelson wote walipima mwanga unaokwenda na kurudi. Kupima safari ya upande mmoja kunahitaji saa mbili zilizopatanishwa, na kuzipatanisha kunahitaji ishara yenye kasi inayojulikana, au saa inayohamishwa polepole kwa kudhani kwamba mwendo huo hauibadilishi kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Einstein aliliona hilo mwaka 1905 na akasema wazi kwamba usawa wa kwenda na kurudi ni jambo alilolipitisha kwa makubaliano. Mwanafalsafa Hans Reichenbach aliitetea dhana kwamba makubaliano mengine yangewezekana bila kugongana na kipimo chochote. David Malament, mwaka 1977, alitoa hoja ya kihisabati kwamba muundo wa nadharia yenyewe hauachi nafasi ya chaguo jingine la busara, na wanafalsafa bado wanabishana kama hoja yake inatosha. Tangu mwaka 1983 mita yenyewe imefafanuliwa kwa mwanga, kwa kuiweka kasi yake kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, kwa hiyo anayefunga kifaa kama cha Fizeau leo hapimi tena kasi ya mwanga bali urefu wa njia aliyoiwekea kioo. Na anayedai kuwa amepima kasi ya upande mmoja anapaswa kuulizwa kwanza alizipatanisha vipi saa zake.